Nasaha za Safari: Siku Tatu za Kwanza Mjini Kairo

Mwezi huu tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja wa Tanga, naye anena kwamba yeye na mkewe na mama yake mzee wataka kwenda Umra, inshallah, na kwamba wakati wa kurejea ndege yao itapitia Misri. Wameazimia basi wakae Kairo siku tatu, na hakuna kati yao aliyepata kufika huko. Ametuletea na orodha ya mahali anapotaka kupazuru. Tumepahesabu tukapata kumi na tisa. Kisha atuuliza, je, pana pengine alipopasahau?

Jawabu letu la kwanza, na atuwie radhi, ni swali. Mama ataka kuona nini? Katika kurasa mbili za barua hiyo hatukuona neno hata moja juu ya matakwa yake, ingawa yeye ndiye mwenye miguu michovu kuliko wote na ndiye ambaye huenda asirudi tena huko. Hatulisemi hili kwa kumlaumu ndugu yetu, kwani kosa hilo tulilitenda sisi wenyewe kabla yake, nalo lingali likituuma.

Mwaka 2007 tulimchukua marehemu baba yetu mjini humo kwa siku tatu kama hizo. Mzee alikuwa mwalimu wa chuo. Kwa zaidi ya miaka arobaini alisomesha vijana Safina, na wale waliokuwa na subira akawapandisha mpaka Minhaji. Kila alipofungua mlango wa tohara hakukosa kuwaambia wanafunzi wake kwamba mwenye madhehebu haya, Imamu Shafi, amelala Misri, na kwamba yeye akijaaliwa atakwenda kumtolea salamu. Hakuwa na haja nyingine katika mji ule. Alitwambia hivyo mara moja, tulipokuwa uwanja wa ndege, kisha akanyamaza, kwani wazee wetu hawana desturi ya kuwadai watoto wao kitu kimoja mara mbili.

Nasi tulikuwa na orodha yetu. Siku ya kwanza tulimpeleka kwenye mapiramidi saa sita za mchana, katika jua la mwezi wa Julai. Na dereva tuliyemkodi, badala ya kuturejesha, akatuzungusha kwenye duka la manukato na duka la karatasi za mafunjo, na kila duka lilikuwa na chai yake na maneno yake marefu. Siku ya pili tukaingia makumbusho, tukapanda ngomeni, tukashukia sokoni. Usiku ule miguu ya mzee ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia. Siku ya tatu ikabidi apumzike mpaka alasiri, ndipo sisi tukakumbuka lile aliloliomba. Tukatoka, tukanaswa katika msongamano wa magari, na tulipofika jua lilikuwa likituwa, mlango umekwisha fungwa, na ndege yetu yaondoka usiku ule ule. Mzee alisimama kando ya gari akaitazama kuba, akatoa salamu, akasoma Fatiha, akarudi akaketi. Hakutulaumu. Tulipofika nyumbani wanafunzi wake walimwuliza ameona nini kwa Imamu, naye akawajibu, "Nimeiona mashua." Alifariki mwaka 2011, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mashua aliyoitaja ni chombo kidogo cha shaba kilichopachikwa juu ya ncha ya kuba ile, nacho huonekana kutoka mbali. Watu husema mengi juu ya maana yake. Wengine hudai kwamba ni ishara ya bahari ya ilimu ya Imamu, na wengine kwamba ilikuwa ikitiwa nafaka kwa ajili ya ndege.

Basi shauri letu ni hili. Kabla ya kufunga mizigo, kila mmoja katika nyumba ile aulizwe ni mahali gani pamoja ambapo akipakosa atajuta, na mama aulizwe kwanza, tena aulizwe mara mbili. Mahali hapo pawekwe asubuhi ya siku ya kwanza, miguu ingali mipya. Yatakayobaki na yagawanywe katika saa zilizobaki, na yasiyopata nafasi yaachwe. Kairo ni mji wa watu wengi mno, na katika mitaa yake gari huweza kukaa saa nzima mahali ambapo ramani yaonyesha hatua chache. Kwa hiyo mwenye kupanga mahali sita kwa siku moja amepanga kuitazama migongo ya magari.

Nasi tukikisia kwamba mama wa ndugu yetu, kama akina mama wengi wa pwani, huenda akapenda yale yale aliyoyapenda mzee wetu, twaanza na upande wa kusini wa mji.

Imamu Muhammad bin Idris Al-Shafi alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra. Misri aliifikia mwishoni mwa umri wake, akasomesha katika msikiti wa Amri, na huko ndiko alikozipitia upya rai zake nyingi, hata wanavyuoni wakawa wanatenga kauli yake ya kale na kauli yake mpya. Akafariki mwaka 204, yaani 820 wa Miladi. Kuba iliyo juu ya kaburi lake ilijengwa na Sultani Al-Kamil, mpwa wa Salahuddin, mwaka 1211. Ni ya mbao iliyofunikwa kwa risasi. Ndani yake mna sanduku la mbao lililochorwa nakshi ya ajabu, nalo ni la zamani kuliko kuba yenyewe, kwani lilifanywa zama za Salahuddin mwenyewe. Jengo lote lilifanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2021. Sisi tulirudi mwaka uliofuata, peke yetu, tukaingia asubuhi. Tulikaa kitambo. Rangi za kuta na nakshi za dari zimesafishwa hata zang'ara, na mzee angalizipenda, ingawa yakini yetu ni kwamba angalilitazama sanduku kwanza.

Haitupasi kuacha neno moja la adabu. Anayekwenda hapo huenda kumsalimu Imamu na kumwombea dua, wala haendi kumwomba yeye. Na yeye ndiye angalikuwa wa kwanza kutukumbusha hilo. Aidha mahali pale pamezungukwa na makaburi ya watu wengi, na kati ya makaburi hayo ziko nyumba ambamo jamaa maskini waishi na watoto wao. Miaka ya karibuni sehemu kadhaa za makaburi hayo ya kale zimevunjwa ili kupisha barabara. Basi mgeni asipige picha za watu na vyumba vyao kama kwamba yumo katika maonyesho.

Kutoka hapo si mbali kufika Fustat, alipopiga kambi Amri bin Al-As (Radhi za Allah zimshukie) baada ya kuifungua Misri. Msikiti wake ndio wa kwanza kujengwa katika nchi ile. Uliojengwa na masahaba haukubaki hata tofali, maana umepanuliwa na kujengwa tena mara nyingi. Lakini mahali ni pale pale, na sala ya adhuhuri humo ina utulivu wake. Kama nguvu zingalipo, karibu yake pana Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri. Tarehe 3 Aprili 2021 maiti ishirini na mbili za wafalme na malkia wa zamani zilihamishiwa hapo kwa maandamano makubwa, nazo zimelazwa katika vyumba vyenye mwanga hafifu. Hizi ndizo mumia za kweli, wala si yule mumiani tuliyekuwa tukitishiwa nayo utotoni. Waislamu wengi huingia humo wakitaka kujua yupi ndiye Firauni wa Nabii Musa (Alayhis-salaam). Wako wasemao ni Ramsesi wa Pili, na wako wasemao ni mwanawe, lakini hakuna hoja ya kukata shauri, na anayekuonyesha kwa kidole kwa yakini ataka bakshishi tu.

Jioni ya siku hiyo twataka waende msikiti wa Ahmad bin Tulun, na kama wapaswa kuacha vingine vyote wasiuache huu. Bin Tulun alikuja Misri mwaka 868 kuwa liwali wa Bani Abbasi, kisha akajitawalia mwenyewe, akajenga mji wake na katikati yake msikiti huu, uliokamilika mwaka 879. Baada ya miaka ishirini na sita jeshi la Bani Abbasi likarudi, likaubomoa mji wote, likauacha msikiti. Hivyo ndivyo ulivyobaki mpaka leo kwa umbo lake la asili. Haukupambwa sana kwa marumaru wala dhahabu. Ni matofali yaliyopakwa chokaa, na matao safu kwa safu kuuzunguka ua mpana usio na mti hata mmoja. Mnara wake una ngazi inayouzunguka kwa nje kama gamba la konokono, mfano wa ule mnara wa Samarra kule Iraki alikokulia mwenyewe. Mtu akitoka katika kelele za barabarani akaingia ukutani humo, husikia masikio yake yakifunguka. Mama aketi chini ya matao, kwenye kivuli, naye mwana apande mnara. Kila mmoja atakuwa amepata haki yake.

Siku ya pili ni ya barabara moja tu. Nayo ni barabara ya Al-Muizz, ambayo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa mji ule wa Al-Qahira uliojengwa na jemadari Jauhar mwaka 969 kwa amri ya khalifa wa Kifatimi. Yaanza kaskazini kwenye lango la Bab al-Futuh, lililojengwa mwaka 1087, na yaishia kusini Bab Zuwayla, lililojengwa miaka mitano baadaye. Mtu mwenye afya huweza kuitembea kwa nusu saa, lakini akiitembea hivyo hakuona kitu.

Mara tu ukipita lango la kaskazini upande wa kushoto ni msikiti wa Al-Hakim, ambao ulikuwa umekuwa gofu mpaka ulipotengenezwa upya na Mabohora na kufunguliwa mwaka 1980. Jirani zetu Mabohora wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam hufunga safari kwa ajili yake, na msomaji asistaajabu akisikia Kigujarati uani. Mbele kidogo, mahali ambapo njia yapasuka mbili, pana kijumba cha ghorofa kilichojengwa mwaka 1744 na Abdul-Rahman Katkhuda. Chini ni sabili, palipokuwa pakitolewa maji bure kwa mpita njia mwenye kiu. Juu ni chuo, ambapo watoto walisomeshwa Qurani. Majumba ya namna hii yalikuwa mengi Kairo, na kwetu sisi hayahitaji kuelezwa. Mzee wetu tulimpitisha hapo kwa gari, upande wa pili wa mtaa, naye hakupata kukiona chuo kile, ambacho kama tungalimkalisha mbele yake kwa robo saa pengine asingalitaka kuondoka.

Halafu ni majengo ya Sultani Qalawun, ya mwaka 1284 na 1285. Yasimuliwa kwamba kabla hajawa sultani aliugua Sham, akatibiwa katika hospitali ya Nuruddin mjini Damaski, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Akajenga kaburi lake, na madrasa, na hospitali, vyote pamoja, akaviwekea wakfu. Hospitali ile ilipokea mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini, na mgonjwa hakutozwa kitu. Wageni wengi huingia kutazama kaburi, kwa kuwa lina vioo vya rangi na marumaru nzuri kweli kweli, wakaipita hospitali kwa kuwa imebaki kuta chache. Sisi twaona ingefaa kinyume chake.

Kama mwendo huu wote ni mrefu kwa mama, na wakate hapo waingie Al-Azhar, ambayo ni karibu. Ilianzishwa mwaka 970, ikasaliwa mara ya kwanza mwaka 972, nayo zama hizo ilikuwa chuo cha Mashia wa Kiismaili. Salahuddin alipouondoa utawala wa Fatimi mwaka 1171 khutba ya Ijumaa ilikatwa humo, na haikurudi mpaka zama za Baybars, mwaka 1266. Tangu hapo ndiyo ikawa hii tuijuayo, ambayo vijana wetu wa Afrika Mashariki huenda kusoma. Zamani wanafunzi walikaa makundi makundi kwa nchi zao, kila nchi na ukumbi wake, na mmoja katika kumbi hizo ulikuwa wa Majabarti, watu wa Zeila na pande za Habasha. Katika kizazi chao alitoka Abdul-Rahman Al-Jabarti, yule mwandishi wa tarekhe aliyewaona Wafaransa wa Napoleon wakiingia Kairo mwaka 1798 akayaandika aliyoyaona. Uani pana marumaru nyeupe, na aghalabu utakuta wanafunzi wameketi na vitabu vyao. Mgeni mwenye adabu huruhusiwa kuketi na kusikiliza.

Wenye nguvu waendelee mpaka Bab Zuwayla. Hapo ndipo mwaka 1517 Sultani Selim wa Uturuki alipomtundika Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Mamluki. Minara miwili juu ya lango si ya lango, ni ya msikiti wa Al-Muayyad ulio ubavuni. Na kutoka juu yake mji wote wa kale waonekana. Nje ya lango pana soko la washona mahema, ambao siku hizi hushona mapazia na mito kwa vitambaa vya rangi. Zawadi inunuliwe hapo, kwa mwenye sindano mkononi, kuliko Khan al-Khalili ambako bei hutajwa kwa kuutazama uso wa mnunuzi.

Asubuhi ya siku ya tatu ni ya Giza, tena mapema, langoni wafike linapofunguliwa. Hatutasema mengi juu ya mapiramidi, kwa sababu yameandikwa na kila mtu. Kubwa lao ni la mfalme Khufu, lina umri wa miaka 4,500 na ushei, na urefu wake wa asili ulikuwa mita 146 kabla ncha haijapotea. Saa mbili zatosha. Kuingia ndani ni kuinama katika shimo lenye joto, na mama asijaribu. Karibu yake limefunguliwa rasmi Novemba 2025 Jumba Kuu la Makumbusho ya Misri, lenye mali yote ya kaburi la mfalme Tutankhamun. Humo mna ubaridi, viti na vyoo safi, mambo ambayo mwenye kusafiri na mzee hayadharau.

Ngome ya Salahuddin tumeiondoa katika orodha, ingawa twajua tutalaumiwa. Msikiti wa Muhammad Ali ulio juu yake ni mzuri kwa mbali, na toka mbali huonekana karibu kila mahali. Uani mwake pana saa iliyoletwa na mfalme wa Ufaransa kwa badala ya ile nguzo ya Firauni iliyosimamishwa Paris. Nguzo ingali imesimama Paris, na saa nayo kwa miaka mingi ilisimama Kairo.

Bali kitu kimoja ambacho hakimo katika orodha ya ndugu yetu twakiongeza, nacho ni Mikyasi, kipimo cha mto Nili, kisiwani Rauda. Ni nguzo ya jiwe iliyochorwa dhiraa, imesimama ndani ya kisima kirefu tangu mwaka 861, nayo ilitumika kupima mafuriko, na kwa mafuriko ndipo kodi ya mwaka ilipokadiriwa. Tangu boma kuu la Aswani lilipokamilika mwaka 1970 mafuriko hayafiki tena. Hata hivyo maji yapitayo nje ya kuta zile, baadhi yake yametoka katika ziwa la Victoria, yakapita Jinja. Na mwenye jamaa Mwanza au Bukoba ana haki ya kuyasalimu.

Yaliyobaki ni madogo. Treni ya chini ya ardhi, iliyoanza mwaka 1987, huokoa saa nyingi, na ina mabehewa ya wanawake peke yao. Mke na mama wapande humo, wakiafikiana kwanza na mume ni kituo gani watakachoshukia. Dereva wa kukodi aambiwe tangu mwanzo, mbele ya mashahidi, kwamba hakuna duka. Siku ya Ijumaa misikiti izuriwe baada ya sala, si kabla. Na viatu vya mama vinunuliwe vipana kidogo kuliko kawaida yake, avizoeze nyumbani Tanga wiki mbili kabla ya safari.

Akiisha kumwuliza, ndugu yetu atuandikie alilojibu.